Watoto wa Januari 2028 Wako Darasani Tayari: Hotuba ya Idara ya Elimu kwa Kikao cha Wadau

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, waheshimiwa madiwani, Mkurugenzi Mtendaji, maafisa elimu kata, wakuu wa shule na walimu wakuu, wenyeviti wa bodi na wa kamati za shule, watendaji wa kata na vijiji, wazazi na walezi: shikamooni wakubwa wetu, na wengine wote habari za asubuhi.

Taarifa za kawaida za robo mwaka zimo kwenye makabrasha mliyopokea mlangoni. Hatutazisoma hapa. Muda tuliopewa tunaomba tuutumie kwa jambo moja ambalo likitupita mwaka huu wa 2026 hatutaweza kulirudia: nafasi za kidato cha kwanza Januari 2028.

Mnafahamu kwamba Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025, imefanya elimu ya msingi kuwa ya miaka 6 badala ya 7, na elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, yaani 6 ya msingi na 4 ya sekondari. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Waliokuwa la tatu wakati ule leo wako la tano, na mwaka 2027 watamaliza shule ya msingi wakiwa la sita. Waliowatangulia kwa darasa moja wanaendelea na utaratibu wa zamani. Leo wako la sita, na mwaka 2027 watamaliza wakiwa la saba. Madarasa mawili yanamaliza mwaka mmoja na yanabisha hodi sekondari asubuhi moja.

Watoto hao hatuwangoji wazaliwe wala wahamie. Majina yao yamo kwenye daftari la mahudhurio, na namba zao zimo kwenye PREM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi. Ndiyo maana mwaka huu idara haitapokea kutoka kata yoyote sentensi inayosema "idadi ya wanafunzi inatarajiwa kuongezeka". Tunataka namba.

Tuchukue mfano, wa kufundishia hesabu tu. Kata ina shule tatu za msingi. Darasa la sita la leo ni wanafunzi 62, 48 na 90, jumla 200. Darasa la tano ni 71, 55 na 94, jumla 220. Wote kwa pamoja ni 420. Shule ya sekondari ya kata ina vyumba vya madarasa 14. Tukipanga wanafunzi 40 kwa chumba, 420 wanahitaji vyumba 11. Hapa ndipo makosa mengi huanzia, kwa sababu mtu anatazama kidato cha kwanza peke yake, anaona leo kina vyumba 4, anatoa 4 kwenye 11 na kuandika upungufu wa 7. Sivyo. Anza na vyumba vyote vya shule, toa vile ambavyo vidato vya pili, tatu na nne vitakuwa vinavitumia Januari 2028, na kinachobaki ndicho cha kidato cha kwanza. Katika mfano wetu vidato hivyo vitahitaji 4, 4 na 3, jumla 11. Vinabaki 3. Upungufu ni vyumba 8.

Sasa tunaomba umakini wenu, kwa sababu linalofuata ndilo ambalo mipango mingi inalisahau. Wengi wanadhani mwaka 2028 ndio mgumu na baada yake tutapumua. Tufuate kundi hilo linavyopanda. Mwaka 2029 kundi kubwa liko kidato cha pili na vyumba vyake 11. Nyuma yake kinaingia kidato cha kwanza cha kawaida, tuseme wanafunzi 220, ambao ni mikondo 6, kila mkondo na chumba chake. Mbele, kidato cha tatu na cha nne, kuna mikondo 4 na 4. Jumla vyumba 25. Mwaka 2030 vinakuwa 27. Mwaka 2031, kundi kubwa likiwa kidato cha nne na nyuma yake vidato vitatu vya mikondo 6, vinakuwa 29. Wakishamaliza mwishoni mwa 2031, mahitaji yanashuka hadi 24. Shule iliyokuwa na vyumba 14 inapungukiwa 8 mwaka 2028, na kwa kudhani wote wanapanda darasa bila kukatika, mwaka 2031 inapungukiwa 15. Kilele ni 2031. Anayejenga vyumba 8 na kufunga daftari atarudi kuomba kila Januari, miaka mitatu mfululizo. Na kwa kuwa hata kundi likishapita shule itahitaji vyumba 24, anayeogopa kwamba vyumba vitabaki bure aondoe shaka, kwani vingi vitaendelea kutumika.

Fanyeni hesabu hii shule kwa shule, mwaka kwa mwaka, kuanzia 2028 hadi 2032, kwenye karatasi moja. Mistari mitano inatosha.

Hesabu hiyo huharibika kwa sababu tunazozijua. Ya kwanza ni uhamisho. Mtoto amehama, shule aliyotoka haijamwondoa kwenye mfumo, aliyohamia imemwandika daftarini, naye anahesabiwa mara mbili. Ya pili ni mtoro wa muda mrefu, ambaye jina lake lipo kwenye rejesta na kiti chake hakina mtu tangu Machi. Msimfute kimya kimya. Mwandikeni pembeni, mtendaji wa kijiji amfuatilie, kwa sababu akirudi ana haki ya nafasi ileile. Ya tatu ni wanaorudia darasa. Ya nne, na hii inasahauliwa sana, ni watoto wa kata yetu wanaosoma shule za msingi za binafsi. Wengi wao huja sekondari za serikali, lakini hawamo kwenye daftari la shule yoyote ya serikali. Afisa elimu kata aende mwenyewe kwenye shule hizo aombe idadi. Ya tano ni mipaka: kijiji kiko kata hii, ila watoto wanavuka mto kwenda kata ile kwa sababu ni karibu. Kata zote mbili zikiwahesabu tumeongeza, na zisipowahesabu zote mbili watoto watakosa pa kwenda.

Njia ya kuhakiki ni rahisi. Mwalimu wa darasa asimame na daftari la mahudhurio la wiki hiyo, mwalimu wa takwimu awe na orodha ya PREM, mwalimu mkuu awe na rejesta ya uandikishaji, wasome jina kwa jina. Kila jina lililopo sehemu moja na kukosekana nyingine liandikiwe sababu. Kwa darasa la watoto 90 kazi hii haimalizi siku. Na tunasisitiza: wavulana na wasichana waandikwe kando, na wenye ulemavu waandikwe kwa aina ya ulemavu. Bila hivyo hatuwezi kupanga vyoo, mabweni wala njia za viti mwendo.

Tukishajua upungufu, tuna njia nne, na hazilingani kwa uzito.

Kujenga ndiyo njia kuu. Ya pili ni vyumba vya shule za msingi. Kuanzia Januari 2028 hakutakuwa na darasa la saba, kwa hiyo kila shule ya msingi itabaki na chumba kimoja au zaidi. Tumesikia kata zinazotaka kuhamishia humo mikondo ya kidato cha kwanza. Maoni ya idara ni kwamba vyumba hivyo kwanza viende kwa awali, ambako kiwango ni watoto 25 kwa chumba na ambako leo wengi wanasomea chini ya mti au wamebanwa na darasa la kwanza. Pale ambapo shule ya msingi na sekondari zinatenganishwa na uzio tu, tutakaa tuzungumze. Pale ambapo mwalimu wa fizikia atalazimika kutembea kilomita tatu kati ya kipindi na kipindi, vipindi vitapotea, na tusijidanganye kwamba tumepata darasa.

Njia ya tatu ni zamu ya asubuhi na ya mchana. Hii tunaiweka mwisho. Vyumba vinaongezeka bila tofali hata moja, ila zamu ya mchana inamtoa mtoto shuleni jua likizama, na wale watakaotoka darasa la sita watakuwa wadogo kwa mwaka mmoja kuliko kidato cha kwanza tulichozoea. Shule itakayolazimika iweke zamu ya mchana kwa wanaoishi karibu, na wa vijiji vya mbali wasome asubuhi. Njia ya nne, kujaza wanafunzi 70 au 80 chumba kimoja, haimo kwenye mpango huu. Mkipanga 50 badala ya 40 kwa muda, semeni wazi kwenye fomu kwamba ni 50. Katika mfano wetu mahitaji ya 2028 yanashuka kutoka vyumba 11 hadi 9, na Baraza la Madiwani litaona gharama halisi ya uamuzi huo.

Kuhusu ujenzi. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, chumba kimoja kilipangiwa shilingi milioni 20. Hata kwa bei ile vyumba 15 ni shilingi milioni 300, na bei za saruji, nondo na mabati za leo si za 2021. Kwa hiyo msinakili kasma ya zamani. Mhandisi wa halmashauri atatoa makadirio mapya kwa kila kata, kwa sababu lori la mchanga kwa shule iliyo kando ya lami si sawa na kwa shule iliyo mlimani.

Tunajenga kwa force akaunti, yaani vifaa tunanunua wenyewe na fundi tunamlipa ufundi wake. Utaratibu huu umetupatia majengo mengi kwa fedha kidogo, na kila mahali ulipoharibika tumekuta chanzo kimoja kati ya vitatu. Kwanza, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi zina watu walewale. Aliyenunua asipokee. Anayepokea ahesabu mifuko ikishuka kwenye gari, asome geji kwenye bati lenyewe, apime nondo, ndipo asaini. Pili, fundi amelipwa mbele ya kazi. Mlipeni kwa hatua: msingi, kuta na lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), paa, umaliziaji, na kila hatua baada ya mhandisi kuandika kwamba ameridhika. Tatu, tofali.

Kwenye tofali tusimame kidogo. Fundi anayelipwa kwa idadi ya tofali ana kila sababu ya kurefusha mfuko wa saruji. Mnakubaliana tofali kadhaa kwa mfuko, mnarudi jioni mnakuta zimetoka mara moja na nusu ya hizo. Kwa macho zinafanana. Ziguse: pembe inavunjika kwa kidole gumba, na ukikwaruza kwa msumari linatoka vumbi la mchanga. Kosa la pili ni maji. Tofali na zege havikauki kwa jua vikawa vigumu, vinakomaa kwa unyevu. Mwagieni asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau, zikiwa kivulini au zimefunikwa kwa nyasi na magunia. Shule zenye shida ya maji huruka hatua hii, na ndizo zenye nyufa mwaka wa pili. Kwa hiyo kabla ya tofali la kwanza, jazeni simtanki. Na idadi ya tofali kwa mfuko aliyoidhinisha mhandisi iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa stoo, ili kila mzazi anayepita aweze kuhesabu.

Nguvu za wananchi tunazithamini sana: mawe, mchanga, maji, kuchimba msingi. Ila tunaomba msianzishe boma bila ramani na bila mhandisi kufika. Tunayo maboma yaliyojengwa kwa jasho la watu, kuta zimefika juu bila lenta, mvua za misimu mitatu zimezipiga, na sasa haziwezi kubeba paa. Kumwambia mwananchi kwamba jasho lake linabomolewa ni jambo zito, nasi hatutaki kulirudia. Vilevile hakikisheni ardhi. Eneo lililotolewa na mzee kwa mdomo, bila muhtasari wa mkutano wa kijiji, hudaiwa na warithi siku mabati yanapofika.

Vyoo havisubiri awamu ya pili. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kundi la 420 likiwa na wasichana 220 na wavulana 200, ni matundu 11 na matundu 8, tukiacha yale yatakayokuwa yameachwa na kidato cha nne. Ongezeni choo cha mwenye ulemavu chenye mlango mpana na mhimili wa kushikia, na chumba cha kujisitiri kwa wasichana. Chumba hicho mara nyingi kinajengwa vizuri na hakitumiki. Ukikagua unakuta komeo liko nje tu, au limewekwa juu kiasi kwamba mtoto hafikii, au ndoo ya maji iko ofisini kwa matroni na funguo ziko naye. Msichana hawezi kuomba funguo mbele ya foleni. Komeo liwe la ndani, maji yawe ndani, chombo cha taka chenye mfuniko kiwe ndani, na tanuri la kuchomea liwe nyuma ya jengo.

Viti na meza. Katika shule ya mfano, kidato cha nne kinachoondoka kitaacha viti 110, siyo vyote vizima. Vihesabuni Novemba, siku ya mwisho ya mtihani, kabla havijatawanyika. Kiti cha bomba la chuma huvunjika sehemu moja: pale mguu wa nyuma unapokutana na fremu ya kikao. Fundi akichomea nukta mbili badala ya kuzungushia, mtoto akikiegemeza kwa miguu miwili mara chache kinaachia. Kamati ya mapokezi ivipindue viti, itazame pale. Kila kiti kiandikwe namba na mwaka, nacho kiandikwe kwa jina la mwanafunzi.

Walimu tutasema kwa kifupi, kwa kuwa ajira haiko mikononi mwetu. Tunachoweza ni kuonyesha upungufu kwa somo badala ya kwa jumla. Mikondo 11 ya hisabati, tukichukulia vipindi vitano kwa wiki, ni vipindi 55 kwa kidato cha kwanza pekee, na hiyo ni kazi ya walimu wawili kamili. Shule yenye walimu 20 wa sanaa na mmoja wa hisabati ina upungufu mkubwa hata kama jumla yake inapendeza. Walimu wa msingi wenye shahada za masomo ya sekondari tunaomba orodha yao kutoka kila shule. Shule zinazotarajia mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, ziandike karakana, umeme na vifaa kwenye fomu ya pekee, kwani karakana huchukua muda mrefu kuliko darasa.

Kuhusu michango, msimamo ni uleule. Elimu ni bila ada, na fedha za uendeshaji zinakuja: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ambazo 6,000 zinafika shuleni na 4,000 ni za vitabu, kwa sekondari 25,000, nusu shuleni na nusu vitabu. Fedha hizo hazijengi madarasa. Wazazi wakiamua kuchangia ujenzi au chakula, uamuzi uwe wa mkutano, uwe na muhtasari, upate kibali, fedha ipite kwenye akaunti ya shule na itolewe stakabadhi. Na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachanga. Mkuu wa shule atakayefanya hivyo ataitwa kujieleza.

Sasa kalenda. Fedha za bajeti ya 2027/28 zinaanza kutoka Julai 2027. Zikichelewa hadi Oktoba, mvua za Novemba zitakuta msingi uko wazi na mchanga unasombwa. Kwa hiyo shule zenye upungufu mkubwa zisingoje fedha hizo. Zianze na kazi zisizohitaji fedha nyingi katika kiangazi kijacho: kupima eneo, kusafisha, kukusanya mawe na mchanga, kuchimba msingi baada ya mhandisi kuweka vigingi. Mpango wa shule uanzie kwenye bodi au kamati, upite Kamati ya Maendeleo ya Kata, uje kwetu kabla ya Oktoba kwisha. Maandalizi ya bajeti yanaanza Novemba, na madiwani wanapitisha mwanzoni mwa mwaka. Namba itakayofika Februari haitaingia.

Waheshimiwa madiwani, tunawaomba jambo moja kwenu hasa. Kata zenye upungufu mkubwa si zile zenye sauti kubwa. Hesabu zikishafika tutazipanga kwa ukubwa wa upungufu wa 2031, nasi tutawaletea orodha hiyo jinsi ilivyo. Tusaidieni kuilinda hata pale ambapo kata yako iko namba kumi na nne.

Fomu ziko kwenye meza ya Afisa Takwimu, kushoto mkitoka. Kila shule ichukue nakala mbili. Moja irudi kwetu ikiwa na saini ya mkuu wa shule au mwalimu mkuu pamoja na mwenyekiti wa bodi au kamati, nyingine ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, upande wa nje, mahali mzazi anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa. Jumatatu tunaanza kuzunguka kwenye kata za mbali, na walimu wa takwimu tunaomba wawepo na daftari zao.